Paka, Mbwa na Mahali pa Mashine

Nimeacha kazi ya ukalimani kwa sababu ya masikio. La kushoto lilibaki mtoni zamani, na hili la kulia sasa linasikia Kiingereza kama mtu anayeongea huku anatafuna kwanga, ule mkate wa muhogo. Christelle na vijana wenzake wa ofisini, waliosoma lugha hiyo chuo kikuu mpaka wakapewa karatasi yenye muhuri, wameniomba niwaandikie zile semi za Waingereza za mafumbo na picha: maana yake nini, na zilitoka wapi. "Papa Bolamba, tuachie hata kidogo," walisema. Bon. Nawaachia. Mimi nilifika darasa la tano tu, kwa hiyo msitafute uzuri wa mwandiko. Tafuteni kama nadanganya. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Nilianza nikiwa mbebaji wa mizigo kwenye uwanja wa zamani wa ndege wa Simi-Simi, hapa Kisangani. Kulikuwa na rubani mmoja aliyeitwa Norris, mtu mwekundu, mwenye jasho, aliyependa kuongea na yeyote aliye karibu. Nilikuwa karibu. Kiingereza changu chote kilianzia chini ya bawa la ndege yake, nikiwa nimebeba gunia kichwani. Siku ya kwanza wenzangu waliponisukuma mbele niwaambie mzungu anasema nini, mvua kubwa ilikuwa inakuja toka upande wa maporomoko ya Tshopo. Norris akatazama juu akasema mvua itanyesha paka na mbwa. Nikawaambia wenzangu hivyo hivyo. Walicheka mpaka jioni. "Bolamba, lete kikapu, paka yangu ianguke umu!" Kila tone lililoanguka waliliita jina la mbwa wa jirani.

Nikamwuliza Norris usemi huo umetoka wapi. Akajibu bila kufikiri: zamani kwao nyumba ziliezekwa kwa majani, mbwa na paka walilala juu ya paa, mvua ikinyesha wanateleza na kuanguka. Mimi nimezaliwa Yanonge, nimekua chini ya paa la majani. Mbwa wetu alilala jikoni penye majivu. Sijaona mbwa aliyepanda paa, na kama angepanda, mama yangu angemshusha kwa fimbo kabla ya mvua. Wiki iliyofuata fundi wa ndege hiyo hiyo akaniambia hapana, ni mifereji ya mjini kwao iliyokuwa ikisomba mizoga. Baadaye padri mmoja mgeni akaniambia ni mambo ya miungu ya dhoruba. Watu watatu, vyanzo vitatu, na wote walinitazama kwa macho yale yale ya mtu aliyekuwapo.

Kuanzia hapo nikawa naulizia kila usemi kama polisi. Kumtoa paka mfukoni, maana yake kufichua siri. Wanasema sokoni kwao wauzaji walikuwa wakifunga paka ndani ya gunia na kumwuzia mtu eti ni kitoto cha nguruwe. Nendeni soko kuu mkamwambie mama yeyote anunue nguruwe asiyepiga kelele. Kisha kuna kugeuza jicho kipofu, maana yake kujifanya huoni. Kwa usemi huo, wote wanakupa chanzo kimoja: mkubwa wa manowari aliyekuwa na jicho moja, akaweka darubini kwenye lile jicho bovu ili asione amri ya kurudi nyuma. Wote, kwa maneno yale yale, mpaka na mkono uliokuwa umeishika darubini. Huo niliushuku kuliko yote. Mashahidi wakilingana namna hiyo, kuna mtu aliyewafundisha.

Kwa hiyo, Christelle, nikikuandikia chanzo, soma hivi: mtu mmoja aliniambia. Basi.

Aliyenifanya mkalimani ni mzee Ramazani, mtu wa Kindu, aliyekuwa akitafsiria wafanyabiashara mjini kabla yetu sote. Alinikuta Simi-Simi nikipayuka, akaniambia, "Wee kijana, unasema 'anasema hivi, anasema hivi' kama mutu anayesengenya. Mukalimani hasengenye. Mutu akisema mimi, na wewe sema mimi." Vifaa vyake vilikuwa kipande cha tangawizi cha kutafuna, chupa ya maji, na kiti. Kiti alikiweka nyuma kidogo ya bega la mkubwa, mahali pa kuona miguu ya kila mtu. "Midomo inajua kujipanga," alisema. "Miguu bado."

Kuhusu semi za picha alikuwa na kanuni moja: uchi kwanza, nguo baadaye. Yaani toa picha kama ilivyotoka, kisha ndipo useme maana yake. Vijana wa leo mnaruka moja kwa moja kwenye maana, mnadhani ndiyo ustadi. Mnamfichia mtu mlango aliotorokea. Mtu anayesema kweli husema nilivunja, nilisahau, nilikataa. Anayekimbia anaingia kwenye picha. Nimetafsiri mkurugenzi aliyesema mikono yake imefungwa, huku mkono mmoja umeshika kikombe cha kahawa na mwingine unakoroga sukari. Nimetafsiri mwingine aliyesema jambo lile lilipita kwenye ufa. Ufa upi? Nani aliuacha wazi? Mkisikia picha, acheni kuandika, tazameni miguu.

Sasa nifike kwenye balenieri, maana najua mnanizunguka mkitaka kusikia hilo na mnaona haya kuuliza.

Kampuni moja ya mbao, jina silitaji, ilinichukua niwe mdomo wa meneja wake. Jina la meneja nalitaja: Pask. Chini yake alikuwapo mkubwa wa wafanyakazi, mtu wetu mwenyewe, Bosenge, mwenye viatu vya kung'aa hata kwenye matope. Siku moja pale Yanonge pantoni ya kampuni iliharibika, na Pask alikuwa na mashine ya kupasulia mbao aliyotaka ifike Kisangani upesi. Kwenye bandari ilikuwapo balenieri ya abiria, ule mtumbwi mkubwa wa mbao wenye mota nyuma, uliokuwa tayari na watu, mahindi, samaki wa kukausha na mbuzi. Bosenge akaamuru mashine iingizwe humo, katikati.

Nahodha alikuwa tonton Litelema, mjomba wa wote. Mtoni kwetu kila mtoto alimjua. Akaniita.

"Bolamba, ambia mukubwa wako: hii mashine iko muzito kuliko hawa batu bote. Ikikaa katikati, mgongo ya boti itainama. Wimbi moja tu, tunakufa."

Nikatafsiri. Pask akajibu, naye akitazama saa: daraja hilo tutalivuka tukilifikia. Nikalitoa uchi kama nilivyofundishwa, kisha nikalivika nguo: anasema tatizo hilo tutalishughulikia likitokea.

Litelema akageukia mto, akaweka kiganja juu ya macho kama anayetafuta kitu ng'ambo. "Daraja? Tangu nizaliwe sijaona daraja kwenye huu mto. Mwambie yeye atangulie aijenge. Siye tutamungojea hapa na kwanga."

Bandari nzima ikacheka. Pask naye akacheka, bila kuuliza wanacheka nini. Hilo nililitia akilini.

Bosenge hakucheka. "Litelema, mashine inaingia, ao kibali chako ya kuendesha inabaki kwangu." Mkaguzi wa bandari, aliyeitwa Lokwa, alisimama hatua chache tu kutoka hapo, na kazi yake ilikuwa hiyo moja, kuzuia boti iliyolemewa. Akageuka akaanza kukagua samaki wa mama mmoja. Hakuhitaji darubini.

Mashine ikaingia. Watu waliokaa katikati wakasukumwa pembeni. Mimi nikapewa nafasi nyuma ya mashine, karibu na mwuza mahindi aliyeitwa Likoke, mtu wa utani mwingi, na mke wake mama Alphonsine alikuwa mbele kabisa na wanawake wenzake. Pask na Bosenge walikuja nyuma yetu kwa mtumbwi wa kasi, wamevaa yale makoti ya kuelea ya rangi ya machungwa.

Tulizama mchana, jua likiwaka. Wimbi la meli ya kusukuma matishari liliinua ubavu mmoja, mashine ikateleza, na boti ikaifuata. Zaidi ya hayo siandiki. Nilishika bidon, dumu tupu la manjano la mtu, maji yakaingia sikio la kushoto, na mpaka leo hayajatoka.

Baada ya mazishi, kampuni ikatoa maelezo yake: mashine ilisafirishwa kwa njia nyingine, boti ilizamishwa na mahindi ya abiria na tamaa ya nahodha. Litelema akatiwa kasho, pale pale Yanonge, asubiri kupelekwa mjini kwa hukumu. Kisha akaja mkubwa wa kampuni kutoka ng'ambo, bibi mmoja aliyeitwa Whitlock, kusikiliza familia. Bosenge akanifuata nyumbani Mangobo kwa toleka, ameketi nyuma ya baiskeli na mkoba mapajani.

"Utatafsiri wewe," akasema.

"Mjini kuna walimu wa Kiingereza, chef. Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe unatujua. Ila usiseme ulikuwa ndani. Mukalimani iko mudomo. Mudomo haina ushahidi."

Nilifikiri usiku na mchana mpaka nikaelewa. Katika waliopona, mimi peke yangu ndiye ningeweza kumwambia yule bibi jambo bila mtu kati yetu. Njia nzuri ya kuninyamazisha ilikuwa kunipa kazi ya kusema. Nilikubali. Mtaniuliza kwa nini. Kwa sababu angetafsiri nani? Bosenge mwenyewe?

Bosenge alitaka mkutano ufanyike shuleni, kwenye madawati. Mama Alphonsine, aliyekuwa mjane sasa, akakataa. "Matanga iko bandarini. Darasa ni ya batoto." Mimi nilijua anachotaka, na naamini Bosenge pia alijua, ndiyo maana alitaka madawati.

Kwetu, boti ikizama, waliopona huketi mchangani vile vile walivyokuwa wameketi ndani, safu ya kulia na safu ya kushoto, uso kuelekea walikokuwa wanakwenda. Kwa kila aliyekufa, familia yake huweka kikwembe, yaani kitenge, kilichokunjwa mahali pake. Sababu yake ni hii: aliyeketi karibu na marehemu lazima aiambie familia maneno ya mwisho aliyoyasikia. Hakuna anayeweza kudanganya kiti, kwa kuwa jirani wa kulia anakujua na wa kushoto anakujua. Mpaka kila mahali pawe na mtu wake au kikwembe chake, matanga hayaanzi.

Tulifika tukawakuta wamekaa. Madame Whitlock, Pask, Bosenge na mkaguzi Lokwa walikuwa na viti vya plastiki. Mimi nilisimama nyuma ya bega la Madame. Kule nyuma kabisa, penye mota, hapakuwa na mtu wala kikwembe, bali kafi limelazwa mchangani: mahali pa nahodha, ambaye alikuwa hai lakini hayupo.

Pask akainuka kwanza. Alisema amehuzunika, akasema mengi, kisha akafungua mikono: sote tumo ndani ya boti moja.

Chanzo cha usemi huo nimewahi kukiuliza pia. Mmoja alisema ni Wayunani wa kale, mwingine alisema ni mabaharia waliovunjikiwa na meli. Maana yake hakuna anayebishana: shida yako ni yangu. Nikautoa uchi, halafu nikauvika nguo polepole, wote waelewe vizuri, na walielewa. Hakuna mtu pale aliyedhani Pask anadai alipanda balenieri yetu. Ila mama Alphonsine akasema:

"Kama shida yetu ni yake, basi akae. Nafasi iko."

Akaonyesha katikati. Pale palikuwa na mchanga mtupu, mpana, safu zote mbili zimekatika. Pask alitabasamu, akarudi kwenye kiti chake cha plastiki, na miguu yake akaivuta chini ya kiti. Mzee Ramazani angependa kuiona.

Madame ndiye aliyeuliza. Pengo lile kubwa, walikaa watu wangapi, na mbona hakuna kitambaa? Nikalipeleka swali. Jibu lilitoka safu ya kulia na safu ya kushoto pamoja: "Pale hapakukaa mutu. Pale palikuwa mashine."

Bosenge akasimama. "Madame, hawa wamefundishwa!" Kwa Kifaransa, tena kwa haraka. Nikalitafsiri hilo nalo, neno kwa neno. Sikuacha kitu siku ile.

Pask akasema hiyo ni samaki mwekundu wa moshi, yaani kitu cha kuwapoteza watu njia. Usemi huo wanasema ulitokana na samaki waliokokotwa chini ili kuwachanganya mbwa wa kuwinda. Nikautoa uchi mbele ya watu wa Yanonge, wanaokausha samaki kwa moshi tangu babu zao. Mzee mmoja safu ya kushoto akasema, "Samaki gani? Samaki yetu ilizama na bado anatutajia samaki."

Lakini Madame alikuwa bado anatazama mchanga. Akaonyesha kidole nyuma ya pengo, kando ya kikwembe cha bluu. Na pale? Hakuna mtu, hakuna kitambaa.

Nikatafsiri. Mama Alphonsine hakumtazama Madame. Alinitazama mimi, kama mtu aliyesubiri tangu asubuhi. Kikwembe kile cha bluu kilikuwa cha mume wake.

"Ni pa huyu anayesema," akajibu.

Nikampa Madame maneno hayo hayo kwa Kiingereza. Hakuelewa. Bosenge alielewa. "Bolamba," akasema kwa sauti ya chini, "fanya kazi yako." Nikamwambia ndiyo naifanya. Nikazunguka bega la Madame, nikapita katikati ya zile safu, pembeni ya mahali pa mashine, nikaketi mchangani. Kutoka pale nikasema kwa Kiingereza: mimi nilikaa hapa, na mbele yangu ilikuwa mashine ya Bwana Pask, niligusa chuma chake kwa magoti. Miaka yote hiyo nilikuwa nimesema mimi, mimi, mimi, kwa niaba ya watu wengine.

Kisha nikamgeukia mama Alphonsine, kwani nilikuwa na deni kwake kabla ya Madame. Nikamwambia maneno ya mwisho ya mume wake. Maji yalipopita juu ya ubao, Likoke alinishika bega akasema: "Bolamba, ambia mukubwa wako, ile daraja yake tumeifikia."

Mama Alphonsine akaziba mdomo kwa mkono. Mabega yakatikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka. "Ni yeye," akasema. "Ni Likoke huyo! Mutu mwingine hawezi kusema hivyo akifa." Na safu yote ikajua kwamba sikutunga.

Nikamtafsiria Madame. Pask alipokuwa anasikia, alikuwa anatazama saa yake.

Mkaguzi Lokwa akasema mambo yameeleweka, watu waende nyumbani, yeye atafikiri juu ya nahodha. Hakuna aliyeinuka. Mama Alphonsine akaonyesha kafi. "Mahali ya Litelema haina mutu, na haina kikwembe. Matanga haijaanza. Tutangoja." Mvua ikaja. Haikuwa paka wala mbwa, ilikuwa maji tu, mengi, yakatulowesha. Bosenge na Pask walikimbilia chini ya bati la bandari. Madame alibaki nje muda, halafu naye akaenda. Sijui kama alikuwa hajui habari ya mashine kabla ya siku ile, au alikuja ili aseme kwamba hakujua. Alisema vichwa vitabingirika, yaani wenye makosa watafukuzwa kazi. Niliutafsiri usemi huo pia, na nimeungoja. Pask alihamishiwa nchi nyingine, kwenye kazi nzuri zaidi, nasikia. Bosenge ana ofisi yenye feni Makiso, katikati ya mji. Lokwa bado anakagua samaki. Vichwa vyote viko shingoni.

Lakini siku ile, jua likiwa limeanza kutoka tena, polisi wawili waliteremka na Litelema kutoka kasho, hana viatu, shati limefunguka. Hakuna aliyetangaza kwamba ameachiwa. Walimleta tu, wakageuka wakaondoka, kwani watu waliolowa na bado wakakataa kuinuka ni vigumu kuwapangia maneno. Litelema akashuka mpaka mwisho wa safu. Akalichukua kafi, akalifuta mchanga kwa kiganja, akaketi mahali pake, kafi magotini. Akatutazama sote kutoka nyuma, kama nahodha anavyotazama mzigo kabla ya kuwasha mota. Macho yake yakafika katikati.

"Hapa mumeweka nani?"

"Hapa tulimwachia mukubwa," akajibu mama Alphonsine, akimwonyesha Pask chini ya bati. "Alisema shida yetu ni yake. Tukamupa nafasi, akakataa."

Litelema akamtazama Pask kuanzia viatu mpaka kichwa, bila haraka.

"Mumuache," akasema. "Huyo naye iko muzito."